Husuni Kubwa si Ghala Tu

Makala iliyodai kuwa Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa ghala la wafanyabiashara, si jumba la enzi, imepotoka. Ua wa kusini, wenye vyumba vingi, huenda ulihifadhi bidhaa, nakubali. Lakini ghala halihitaji birika la pande nane, makuba, wala maandishi ya kuchongwa yanayomtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Mtanijibu kwamba msafiri huyo alieleza mji wa mbao. Hilo linaitia nguvu hoja yangu: penye nyumba za mbao, jumba la matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari liliwaonyesha wote nani ametajirika kwa dhahabu ya bandari ya Sofala. Wanafunzi wetu, Kilwa na kwingineko, wafundishwe hivyo: biashara ilijenga jumba, na jumba likaimarisha utawala.