Onyo Lililogeuzwa Kuwa Sifa

Mabosi hulitamka neno meritokrasia kwa kujigamba: hapa kwetu hakuna kujuana, anayepanda cheo ni mwenye uwezo. Wengi huamini ni jina la kale la haki, urithi wa wanafalsafa wa Ugiriki. Imani hiyo ni potofu, tena ina madhara.

Neno hilo ni la juzi tu. Mwaka 1956 Alan Fox, mwanasosholojia wa Uingereza, alilitumia kuushutumu mfumo unaowarundikia manufaa watu waliokwisha kujaliwa. Miaka miwili baadaye Michael Young akalieneza kwa kitabu chake, The Rise of the Meritocracy.

Young hakuwa akisifu. Uingereza ya wakati huo ilimpa mtoto wa miaka 11 mtihani mmoja, na matokeo yake yakaamua kama ataingia shule za kuelekea chuo kikuu au la. Akajiuliza nchi itafika wapi kwa kuwachuja watu hivyo. Msimulizi wa kitabu chake ni msomi wa mwaka 2034 anayeutetea mchujo huo kwa moyo wote na kuwabeza walioshindwa. Mwishoni kabisa, tanbihi ya mchapishaji inaeleza kwamba msomi huyo ameuawa kwenye ghasia, ndiyo maana hakuwahi kusahihisha kazi yake kabla ya kuchapwa.

Mwaka 2001, akiwa na miaka 85, Young alimtaka hadharani Waziri Mkuu Tony Blair aache kulitumia neno hilo kama sifa.

Watetezi watasema maneno hubadilika maana. Sawa, lakini hatari ambayo Young alionya juu yake ingalipo: mtu akishaamini kila alichonacho amekistahili, haoni tena sababu ya kujihoji. Mwaka 2010 Emilio Castilla na Stephen Benard walichapisha majaribio ambamo watu wenye uzoefu wa umeneja waligawa bonasi kwa wafanyakazi wa kubuni. Walioambiwa kwamba kampuni inathamini meritokrasia walimpa mwanamume zaidi ya mwanamke mwenye tathmini sawa na yake. Pale kauli hiyo ilipokosekana, wanaume hawakupendelewa.

Baadaye Castilla alichunguza kampuni kubwa iliyowalazimu mameneja kueleza jinsi walivyogawa nyongeza za mishahara, huku wakubwa wakiziona takwimu zote. Pengo la malipo kwa jinsia na kwa rangi lilipungua. Bosi anayejivunia uwezo na aanzie hapo: afungue hesabu za bonasi za mwaka jana, kisha aeleze kila tofauti iliyomo.