Sauti inapokatika katikati ya kisomo

Kurekodi sauti nyumbani kumekuwa jambo la kawaida katika familia nyingi za Kiislamu. Wazazi humrekodi kijana wao anayejiandaa kwa mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, vijana hurekodi kasida, na wajukuu humketisha babu mbele ya maikrofoni ili darsa zake zisije zikaondoka pamoja naye. Kifaa kinachotumika mara nyingi ni kompyuta mpakato ya nyumbani, ile ile ya kazi za shule na za ofisi. Kisha, baada ya saa nzima ya kusoma, rekodi inasikilizwa na kubainika kuwa sauti imekatika hapa na pale: mara mlio mfupi kama wa kijiti kinachovunjika, mara silabi imemezwa, mara kimya cha kitambo kidogo.

Katika mazungumzo ya kawaida dosari hiyo huvumilika. Katika kisomo cha Qur'ani haivumiliki. Wanafunzi wa tajwidi wanajua kuwa "lā" yenye kuvutwa hukanusha, ilhali "la" isiyovutwa yaweza kuwa ya kutilia mkazo. Sauti ikikatika ndani ya madda hiyo fupi, kukanusha kunaweza kusikika kama kuthibitisha. Msomaji hakukosea, ni rekodi iliyomkosesha. Na mtoto anayehifadhi kwa kusikiliza atalihifadhi kosa hilo kama lilivyo. Tukumbuke pia kwamba rekodi huishi kuliko mwenyewe. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alifariki mwaka 1980, lakini kisomo chake kilichotolewa mwaka 1961 kingali kinawafundisha watoto hadi leo.

Wengi wakikutwa na tatizo hili huhukumu mara moja kuwa kompyuta imezeeka, wakaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Tuseme wazi: mara nyingi kinachokosekana si nguvu ya kompyuta, bali ni kuwahi kwa wakati.

Kompyuta inaporekodi huipima sauti mara 44,100 au 48,000 katika kila sekunde. Vipimo hivyo hukusanywa kwanza katika hifadhi ndogo ya muda iitwayo bafa, kisha huchukuliwa kwa mkupuo. Mfano wake ni ndoo iliyo chini ya bomba lisilofungwa. Ndoo ikijaa ni lazima iondolewe na kuwekwa nyingine papo hapo. Mwenye kazi hiyo akiitwa kwingine hata kidogo, maji humwagika, na yaliyomwagika hayazoleki. Bafa ya vipimo 128 kwa kasi ya 48,000 hujaa kwa muda usiofika milisekunde 3. Ya vipimo 1,024 hujaa kwa milisekunde 21 hivi. Kwa hiyo kompyuta mpya yenye ndoo ndogo na wito mwingi inaweza kumwaga, na kuukuu yenye ndoo kubwa ikatekeleza kazi yake salama.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha tatizo liko wapi. Sikiliza mahali palipokatika mara mbili au tatu. Sauti ikikatika pale pale kila mara, dosari imo ndani ya rekodi. Ikihamahama, huenda kompyuta inakwama wakati wa kusikilizisha tu, na kisomo chenyewe ki salama. Wapo waliofuta rekodi nzima isiyokuwa na kasoro kwa kutofanya jaribio hili dogo.

Ikithibitika kuwa rekodi ina dosari, anza kwa kuongeza bafa. Wanamuziki hupenda bafa ndogo kwa sababu hujisikiliza kupitia kompyuta huku wakifuatisha ala nyingine, na bafa kubwa huwachelewesha. Msomaji wa Qur'ani au mtoa darsa hana haja hiyo. Mwekee vipimo 1,024 au 2,048. Akitaka kujisikia, achomeke hedifoni kwenye kile kifaa cha nje kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, kama kina nafasi ya kusikiliza moja kwa moja. Wanaotumia Audacity watakuta bafa katika mipangilio ikitajwa kwa milisekunde. Programu hiyo pia ina uwezo wa kutambua sehemu zilizopotea wakati wa kurekodi na kuziwekea alama, uhakikishe umewashwa.

Hatua inayofuata ni kuwaondoa wale wanaomwita mchota maji. Zima waifai na bluetooth, kwani programu zinazoviendesha, yaani draiva, ni miongoni mwa wakorofi wakubwa. Simamisha upakuaji wa maboresho ya Windows, ukaguzi wa virusi na programu zinazopeleka mafaili mtandaoni. Chomeka chaja, kisha chagua mpangilio wa utendaji wa juu badala ya ule wa kubana umeme, kwa sababu kompyuta inayobana umeme hupunguza kasi na huweza kuilaza milango ya USB. Tatizo likiendelea, ipo programu iitwayo LatencyMon ambayo huonyesha ni draiva ipi inayoshika foleni. Mara nyingi kuisasisha draiva hiyo moja hutosha.

Kisha angalia vitu vya kushikika. Maikrofoni ya USB ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio kinachochangiwa na kipanya na flashi. Waya uliolegea ubadilishwe. Rekodi ihifadhiwe kwenye diski ya ndani yenye nafasi, wala si kwenye flashi. Matundu ya feni yasafishwe vumbi, maana kompyuta ikipata joto kali hujipunguzia kasi. Hakikisha pia kasi ya vipimo ni moja kila mahali: kifaa kikiwekwa 44,100 na programu 48,000, milio midogo ya kukatika inaweza kujitokeza hata pale ambapo kila kitu kingine ni kizima.

Ipo sababu nyingine ambayo humhusu msomaji wa Qur'ani kuliko mtu mwingine yeyote. Kompyuta nyingi za sasa, pamoja na programu za mikutano ya mtandaoni, huja na kipunguza kelele kilichowashwa tayari. Kimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, hivyo sauti ndefu isiyobadilika hukidhania kuwa ni mvumo wa feni. Madda ndefu na ghunna ni sauti za namna hiyo hiyo. Matokeo yake sauti hufifia katikati ya madda, na herufi laini mwishoni mwa aya humezwa. Hapa kuongeza bafa hakusaidii kitu. Ingia katika mipangilio ya maikrofoni uzime viboreshaji vyote vya sauti, na katika Zoom chagua kutumia sauti asilia. Wazazi ambao watoto wao husomeshwa kwa njia ya mtandao wazingatie hili, kwani ustadhi anaweza kumrudisha mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya.

Katika yote haya, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, rekodi dakika 15 za majaribio, kisha sikiliza. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lipi lililomponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Inabaki amana ya mwisho. Kisomo kisisambazwe kabla ya kusikilizwa chote, msahafu ukiwa mkononi, na ikiwezekana pamoja na mtu mwenye elimu ya tajwidi. Aya iliyoingia dosari isomwe upya kutoka mahali panaporuhusiwa kuanzia. Isiungwe kwa vipande vya maneno. Kwa babu au bibi ambaye huenda asiweze kurudia aliyoyasema, usitegemee kompyuta peke yake. Weka kando yake simu iliyozimwa mtandao, nayo irekodi kwa wakati ule ule, na kila baada ya robo saa simamisha na kuhifadhi. Chombo kimoja kikimwaga, kingine kitakuwa kimekinga.

Gharama ya haya yote ni subira ya jioni moja. Fedha iliyokuwa inatafutwa kwa ajili ya kompyuta mpya yaweza kubaki kwa ada ya madrasa.

Wabillahi tawfiq.