MPIRA UNA MISTARI. WEWE SHABIKI, MSTARI WAKO UKO WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimepokea maswali mengi kuhusu michezo. Mmoja anauliza: "Shekhe, kuangalia mpira ni haramu?" Mwingine anauliza kuhusu mapigano ya kizimbani, yale wanayoyaita MMA, kwa sababu wamo Waislamu wanaopigana humo na vijana wetu wanawapenda. Na mpwa wangu anayeishi Marekani ananiambia wenzake kazini wanazungumza besiboli asubuhi mpaka jioni, na yeye ameanza kuipenda. Nimeona niwajibu wote pamoja, maana mzizi wa jibu ni mmoja.

Nianze na nafsi yangu, usije ukasema huyu mzee anachukia mpira. Mimi ni shabiki. Nimekulia kwenye nyumba ambayo baba alikuwa Yanga, mjomba alikuwa Simba, na redio ilikuwa moja. Miaka michache iliyopita, usiku wa mechi kubwa ya Ulaya, niliswalisha Isha kwa Kauthar na Ikhlas, na darasa la baada ya Isha nikaliahirisha. Nilisema tu, "Leo tutapumzika." Nikiwa mlangoni natafuta viatu, mzee mmoja wa safu ya mbele akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, leo nani anacheza na nani?"

Wallahi nilikosa la kusema. Mechi nilikwenda kuiangalia, lakini leo sikumbuki hata iliishaje. Ninachokumbuka ni swali la yule mzee.

Sasa tuje kwenye jibu. Asili ya mchezo ni halali. Katika hadithi sahihi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini kwa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bi Aisha (r.a.) ili aangalie, akasimama naye mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana naye mbio. Kwa hiyo anayekwambia dini haitaki furaha, mwambie arudi chuoni akasome.

Lakini zingatia jambo moja. Hakuna mchezo usio na mistari. Mpira wa miguu ukitoka nje ya chaki, mwamuzi anapuliza. Besiboli ikipigwa nje ya mistari miwili ya pembeni, pigo lile halihesabiki. Wapiganaji wa kizimbani wamezungushiwa wavu, na mmoja akigonga kwa mkono kukubali kushindwa, mwenzake lazima amwachie papo hapo. Mchezaji anayelipwa mamilioni anatii mistari hiyo yote. Wewe uliyelipa kiingilio cha kibanda umiza, mstari wako uko wapi? Mimi nitakutajia minne.

MSTARI WA KWANZA: WAKATI

Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi ya Uingereza huanza saa 9 alasiri kwa saa za kwao. Wakati wao wa baridi, hiyo ni saa 12 jioni kwetu Afrika Mashariki. Piga hesabu mwenyewe. Maghrib inaingia kipindi cha kwanza kikiendelea. Muadhini anaita, na kibanda kiko hatua hamsini kutoka msikitini, kimejaa mpaka nje, watu wanashangilia kona.

Sasa nikupe kisa. Tarehe 26 Aprili 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Leicester City walikuwa wanacheza na Crystal Palace huko Leicester. Vilabu vilikubaliana na mwamuzi kabla ya mechi. Jua lilipozama, mpira ukatoka, golikipa wa Palace akachelewesha makusudi kuupiga. Wesley Fofana wa Leicester na Cheikhou Kouyaté wa Palace wakaenda pembeni wakafuturu. Kisha mchezo ukaendelea. Haikuchukua muda, na hakuna aliyepungukiwa na chochote.

Jiulize, ndugu yangu. Uwanja wa Uingereza, mechi inayoonekana dunia nzima, imesimama kwa ajili ya Maghrib. Kibanda chetu, ambacho nusu ya waliomo wanaitwa Juma na Hamisi, hakisimami.

Jamaa msikitini ndiyo bora, na hilo silipunguzi. Lakini ukishindwa nafsi yako, basi usiiache swala. Mapumziko ni dakika 15. Wudhu na rakaa tatu haziishi dakika hizo. Na wewe mwenye kibanda, weka ndoo ya maji na mkeka mmoja nyuma ya banda. Nasema mkeka wa kuswalia, siyo ule mkeka mwingine mnaoujua ninyi. Huo ninaujia.

MSTARI WA PILI: MOYO

Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Adhbaa, hapitwi katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita Adhbaa. Masahaba likawauma sana, mpaka ikaonekana nyusoni mwao. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kwamba ni haki juu ya Allah, hakuna kitu cha dunia kinachopanda juu ila Yeye hukishusha. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Angalia malezi hayo. Hakuwakemea kwa kuumia. Kuumia ni ubinadamu. Hakusema bedui amebebwa na mwamuzi, wala hakutafuta kisingizio. Aliwaonesha kuwa kushuka ni sehemu ya kila kinachopanda. Timu yako ndiyo ile ile Adhbaa. Msimu huu inapita wenzake, msimu ujao atakuja bedui na kijana wake.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Babu zetu walitaniana, baba zetu wakataniana, na utani ule ulikuwa unaleta watu msibani na harusini. Mimi mjomba wangu alipofariki, baba yangu aliyekuwa Yanga ndiye aliyelia kuliko watu wote. Huo ndio utani.

Lakini sasa naona kingine. Nimekaa baraza la suluhu la ndoa ambayo talaka ilitamkwa usiku wa mechi ya watani. Mke alisema neno moja tu: "Si mmefungwa?" Mume akatamka. Watoto watatu ndani ya nyumba. Asubuhi amekuja kwangu anatetemeka, ananiuliza kama ile inahesabika kwa sababu alikuwa na hasira. Nikamuuliza: wale wachezaji kumi na mmoja, kuna hata mmoja aliyemwacha mkewe jana? Walioga, wakala, wakalala. Wewe ndiye uliyebeba kipigo ukakipeleka chumbani.

Na wengine hawasalimiani wiki nzima kwa sababu ya magoli. Mtume (s.a.w.) ametukataza kumhama ndugu yetu zaidi ya siku tatu. Ligi haijapewa ruhusa ya kuongeza siku.

MSTARI WA TATU: MFUKO

Hapa ndipo nataka tusikilizane na mpwa wangu wa Marekani, maana besiboli ina somo ambalo sisi tunalikimbia.

Kwa asiyeijua: mmoja anarusha kijipira kwa kasi, mwingine anakipiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Wamarekani wameupenda mchezo huo zaidi ya miaka 100. Na jambo walilolikhofia kuliko yote si majeruhi wala mvua. Ni kamari. Katika fainali za mwaka 1919, wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kula njama na wacheza kamari ili timu yao ishindwe. Mahakama haikuwatia hatiani, lakini mwaka 1921 wote wanane walifungiwa maisha. Pete Rose, mwenye mapigo 4,256 ambayo hakuna aliyeyafikia katika ligi zao kuu, alifungiwa mwaka 1989 kwa kubeti mechi za besiboli, na akafa mwaka 2024 akiwa bado kifungoni. Mwaka huo huo wa 2024, mkalimani wa nyota Shohei Ohtani aligundulika ameiba karibu dola milioni 17 kwenye akaunti ya bosi wake kulipa madeni ya kamari ya michezo. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57 jela.

Watu wale hawakusoma Suratul Maida, mahali ambapo Allah (s.w.) ameitaja kamari pamoja na pombe na akatwambia tuiepuke. Walijifunza kwa hasara. Sisi tuliosoma tangu chuoni, mkeka uko kwenye simu mfukoni, tunaingia nao mpaka kwenye safu ya swala.

Alinijia kijana mmoja baada ya Isha, anayehudhuria darasa langu. Mama yake ni mweka hazina wa kikoba. Fedha za wanawake ishirini na tano zilikuwa kwenye simu ya mama, na mtoto ndiye anayeijua namba ya siri kwa sababu mama hasomi vizuri. Alianza na shilingi elfu moja yake mwenyewe. Akashinda elfu hamsini. Ushindi ule ndio uliommaliza. Wiki nne baadaye hakukuwa na kitu kwenye simu ya mama, na mgao wa kikoba ulikuwa siku sita mbele. Akaniambia huku analia, "Ustadh, timu iliniangusha dakika za nyongeza."

Nikamwambia, mwanangu, ile timu haijui hata jina lako. Aliyeangushwa ni mama yako, na aliyemwangusha ni wewe.

Tulikaa na wale akina mama. Wapo waliosamehe, wapo waliodai haki yao, na ni haki yao. Kijana leo anabeba mizigo sokoni, kila Ijumaa analeta alichopata. Hajamaliza. Toba yake ninaitarajia, lakini mama yake bado anapita njia ya nyuma kwenda kisimani ili asikutane na wenzake. Usiniambie tena kwamba kubeti ni kuchangamsha mechi.

MSTARI WA NNE: MWILI

Vijana mnampenda Khabib Nurmagomedov wa Dagestan. Nami sikufichi, ninamheshimu. Mapambano 29, hajashindwa hata moja. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wake, alifariki Julai 2020. Oktoba mwaka huo akapigana Abu Dhabi, akashinda, akavua glovu na kutangaza kuacha, kwa sababu alimwahidi mama yake kuwa hatapigana bila baba. Fedha iliyokuwa inamsubiri ilikuwa nyingi, akachagua neno la mama. Vijana, chukueni hilo kwanza.

Lakini chukueni na la pili. Oktoba 2018, Las Vegas, alimshinda Conor McGregor aliyekuwa amemtukania dini na familia. Alipomwachia tu, akaruka wavu kwenda kupigana na mtu wa upande wa pili. Akatozwa faini ya dola 500,000 na kufungiwa miezi tisa, naye mwenyewe aliomba radhi. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayeangusha watu mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Usiku ule Khabib aliangusha mtu, kisha hasira ikamwangusha yeye.

Na mchezo wenyewe? Mieleka ina asili katika dini. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwangusha Rukana, ingawa wanavyuoni wamezungumza juu ya isnadi yake. Jifunzeni mieleka, jifunzeni judo, miili yenu iwe na afya. Kupiga uso ni jambo jingine. Hadithi sahihi inatutaka tuepuke uso tunapopigana. Na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, lilitoa uamuzi kwamba ngumi za ulingoni, na mieleka ambayo kila mmoja anahalalisha kumdhuru mwenzake, hazijuzu. Kwenye kizimba mtu yuko chini, anapigwa usoni kwa kiwiko, na watu wanashangilia. Mimi hilo siwezi kukuhalalishia kwa sababu anayepiga anaswali. Mtu mwema akifanya jambo, jambo haligeuki kuwa dalili. Mpende kwa kumtii mama yake, na kiwiko kiache.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili muache kufurahi. Mwisho wa mechi ijayo, kabla hujainuka kwenye benchi, jiulize: Maghrib yangu iko wapi? Kuna ndugu niliyemtukana? Fedha ya watu ingali mikononi mwangu salama? Nikifika nyumbani, mke na watoto watafurahi au watajificha? Majibu yakiwa mazuri, basi umeangalia mpira. Majibu yakiwa mabaya, rudi ndani ya mstari leo, maana mwamuzi wa uwanjani ana saa mkononi na unajua dakika ngapi zimebaki. Umri wako hujui.

Yule mzee wa safu ya mbele bado yupo, Allah amzidishie afya. Siku hizi usiku wa mechi nasoma sura ndefu kidogo, na darasa halifutwi. Nikimaliza, yeye ndiye anayeniambia, "Maalim, nenda, utawahi kipindi cha pili."

Allah atujaalie furaha isiyotupeleka motoni, awalinde vijana wetu na kamari, na awarudishie heshima mama zetu waliovunjwa nyoyo na watoto wao. Aamin.

Wallahu a'lam.

Mtumie na mwenzako wa timu pinzani, mpate thawabu wote.