Kabla ya Bei, Uliza Lugha

Anayedhani kuwa kumtafutia mzee makao ya kutunzwa ni shughuli ya Wazungu, na aende Kibirichia, huko Meru, kwenye baridi ya Mlima Kenya na mashamba ya viazi. Vijana wa huko, kama wetu wa Lamu na Pate, wametawanyika mijini kutafuta riziki. Mzazi aliyebaki akishikwa na maradhi ya Alzheimer hutoka usiku akapotea, husahau moto jikoni, humuuliza mwanawe jina. Ndipo watoto hukaa shauri: tumpeleke wapi?

Maradhi haya si uchawi wala laana. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mwaka 1906, kutokana na mwanamke aliyeingia hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu. Ni ugonjwa wa ubongo, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya.

Makao ya wazee yapo nchini, kama yale ya Thogoto, Kikuyu, na ya masista wa Kasarani, Nairobi. Lakini sisi twasema: kabla ya bei, uliza lugha. Maradhi haya hula kwanza mambo ya jana, ya utotoni yakasalia. Mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani aghalabu hukisahau, akarejea Kimeru cha mamake. Akiomba ruuji, na mtunzaji hajui kuwa ruuji ni maji, atalala na kiu, na kesho ataambiwa ni mkaidi. Bibi wa Kiamu akipelekwa bara, yatamfika yayo hayo.

Kwetu Waislamu liko na la pili. Mzee huenda asijue leo ni siku gani, na bado akaisoma Fatiha aliyoihifadhi chuoni. Aliyepotewa na akili hadaiwi sala, lakini heshima yake haikuondoka. Basi uliza: ataogeshwa na nani, mwanamume au mwanamke? Nyama ni halali? Akitaka kutawadha mara kumi kwa siku, atasaidiwa au atakemewa?

Kisha nenda usiku bila ya kutoa habari. Hesabu watunzaji. Nusa vitanda. Tazama kama wazee wamefungwa, au wamenyweshwa dawa za usingizi ili wanyamaze.

Wako wasemao kuwa kumpeleka mzazi makaoni ni kumtupa. Kweli, Suratul Israi, aya ya 23, yamtaja mzazi afikaye uzeeni akiwa kwetu, na neno hilo ni zito. Lakini je, anayemfungia mamake chumbani kutwa nzima, akaenda kazini, yu naye? Kumtupa ni kumwacha asikokuwa na wa kumsikia, iwe ni makaoni au nyumbani kwake mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imewaahidi wazee heshima, na matunzo ya jamaa na ya Serikali. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, wapewazo wenye miaka 70 na zaidi, hazimlipi mlinzi wa usiku. Zijengwe basi nyumba za matunzo karibu na wenyewe, Meru na Lamu, na watunzaji wawe watoto wa hapo hapo. Mzee aliyesahau kila kitu asinyimwe na lugha aliyobakiwa nayo.