Msumeno wa bei poa: faida hupotelea kwenye spea

WAFANYABIASHARA wengi wa zana za shamba katika nchi za Afrika Mashariki huchagua msumeno wa injini, maarufu kama chenso, kwa kipimo kimoja: bei ya kununulia. Mwenye duka huagiza ulio rahisi, msafirishaji huupakia na mteja huupeleka nyumbani. Baada ya miezi michache msumeno umezima, fundi hana kifaa cha kubadilisha, na lawama zinarudi dukani.

Ukipiga hesabu, tatizo si urahisi wa bei. Tatizo ni kuuza mashine isiyolingana na kazi, isiyokuwa na spea karibu, na wakati mwingine isiyokuwa na karatasi halali za kuvukia mpaka.

Mnunuzi mpya

Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mahitaji ya mbao hayakusimama. Yalihamia kwenye mashamba ya watu binafsi na kwa majirani, hasa Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa zuio hilo, hatua iliyozua ubishi hadi mahakamani.

Katika miaka hiyo mwenye ekari moja au mbili za mikaratusi au misindano aliona kwamba miti yake ni mali. Huko Njombe na Mafinga, ambako familia nyingi zina mashamba ya miti, hilo lilijulikana zamani. Mtu wa namna hiyo si kampuni ya mbao. Anataka kupogoa matawi yanayogusa paa, kukata kuni, kuangusha mti mmoja mmoja na kusafisha mpaka wa shamba. Ndiye mteja anayeingia dukani akiuliza chenso ya nyumbani, na mara nyingi ndiye anayeuziwa kitu asichokihitaji.

Ukubwa ulingane na kazi

Kwa kazi za nyumbani, injini ya cc 30 hadi 45 yenye bapa la inchi 14 hadi 16 inatosha. Mashine ya kundi hilo, kama Stihl MS 170, ina uzito wa karibu kilo 4 bila bapa na mnyororo. Mwenye shamba anayeangusha miti ya wastani mara kwa mara atafaa kwenye cc 45 hadi 55 na bapa la inchi 16 hadi 20. Kuanzia cc 60 kwenda juu hizo ni mashine za watu wa msituni.

Hata hivyo, yapo maduka yanayomsukumia mwenye nyumba mashine kubwa kwa hoja kwamba "ina nguvu". Mfano ni Stihl 070, muundo wa zamani unaonakiliwa sana, wenye injini ya zaidi ya cc 100 na uzito wa kilo 10 hivi kabla ya kuweka bapa. Kwa anayepasua magogo ni chombo cha kazi. Kwa mtu anayekata kuni Jumamosi ni mzigo na hatari.

Hatari kubwa ni msumeno kuruka na kumrudia mtumiaji pale ncha ya juu ya bapa inapogusa mti. Ndiyo sababu breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, haipaswi kukosekana wala kuwa ya pambo. Muuzaji aijaribu mbele ya mteja: injini ikiwa inazunguka, kinga ikisukumwa mbele, mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, mashine hiyo isiuzwe.

Namba za ubavuni nazo zisichukuliwe kama ahadi. Misumeno mingi kutoka China huandikwa 5200 au 5800, na wateja huamini kwamba ni cc 52 na cc 58 kamili. Mara nyingi ujazo halisi ni mdogo kuliko namba hiyo. Kinachopaswa kusomwa ni bamba la kiwanda na kitabu cha maelezo.

Hesabu ya saa moja ya kazi

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei za soko. Msumeno wa kwanza unauzwa shilingi 350,000. Baada ya saa 60 za kazi pampu ya oili ya mnyororo inakufa, kifaa hakipatikani, na mashine inawekwa stoo. Kila saa imemgharimu mteja zaidi ya shilingi 5,800, mbali na mafuta.

Msumeno wa pili, wa chapa inayojulikana, unauzwa shilingi 900,000. Unafanya kazi saa 500 na kula spea za shilingi 200,000. Kila saa ni shilingi 2,200.

Lakini upo mfano wa tatu ambao wengi hawaufikirii. Ni ule ule wa shilingi 350,000, ila duka lina spea zake. Unafanya kazi saa 300 na kula spea za shilingi 150,000. Kila saa ni chini ya shilingi 1,700.

Kwa hiyo mashine ya bei poa inaweza kumshinda mwenye jina kubwa. Kilichobadilika kati ya mfano wa kwanza na wa tatu si kiwanda. Ni boksi la spea kwenye rafu: kamba ya kuwashia, plagi, kabureta, pampu ya oili, klachi, minyororo na tupa za kunolea. Misumeno ya kundi la 5200 na 5800 hushirikiana vifaa vingi, ingawa pistoni huweza kutofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita. Fundi anayezichanganya huharibu injini.

Kwa mfanyabiashara somo ni dogo lakini zito. Anayeagiza misumeno mitano ya miundo mitano amenunua matatizo matano. Anayeagiza mitano ya muundo mmoja pamoja na spea zake ana biashara ya miaka.

Mpakani

Wapo wanaodhani kwamba mzigo wa chini ya dola 2,000 za Marekani hupita Namanga, Mutukula au Busia kwa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa bila ushuru. Cheti hicho ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msumeno uliotengenezwa China, Ujerumani au Sweden haupati asili ya Kenya kwa kuwa umenunuliwa Nairobi. Vilevile, VAT iliyolipwa Kenya haiondoi VAT ya Tanzania au Uganda, maana kodi hiyo hutozwa nchi bidhaa inakotumika.

Kwenye tamko la forodha msumeno wa petroli huingia namba 8467.81 na wa umeme au betri 8467.22. Spea za msumeno ni 8467.91, na mnyororo wenyewe ni 8202.40. Kuzirundika zote kwenye mstari mmoja wa "vifaa vya shamba" ni kualika upekuzi na ucheleweshaji, na lori linalolala mpakani linakula faida ya mzigo mzima.

Jambo la tatu ni bidhaa feki. Msumeno wa China unaouzwa kwa jina lake mwenyewe si feki, hata ukifanana na mwingine. Unakuwa feki unapobandikwa jina la mtu mwingine. Rangi pia zina mwenyewe: chungwa na kijivu za Stihl zimesajiliwa kama alama ya biashara katika nchi kadhaa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka bidhaa bandia kwenye orodha ya zilizokatazwa. Mzigo ukikamatwa, anayeumia kwanza ni aliyeulipia, na msafirishaji aliyeubeba bila kuuliza hujikuta kwenye maelezo ya polisi.

Misitu nayo ina sheria zake. Nchini Tanzania Sheria ya Misitu ya 2002, na nchini Kenya ile ya 2016, zinaruhusu kutaifishwa kwa zana na magari yaliyotumika katika uvunaji haramu. Dereva anayebeba chenso karibu na hifadhi awe na risiti na hati za mzigo mkononi, si kwa wakala aliyeko mjini.

Mafuta, mwinuko na betri

Injini nyingi zilizorudishwa dukani hazikuwa mbovu. Zilikosewa mchanganyiko. Kwa oili nzuri ya 2T uwiano wa kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa oili ya kawaida viwanda vingi huelekeza 1 kwa 25, yaani mililita 200. Chupa ya kipimo ikitolewa pamoja na mashine huokoa ugomvi mwingi.

Mwinuko nao una lake. Msumeno uliorekebishwa kabureta Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukipelekwa Mombasa hupata hewa nzito na mafuta kidogo. Injini huchemka na pistoni hukwama. Kwa anayevusha mashine kutoka nyanda za juu kwenda pwani, fundi wa kurekebisha ni sehemu ya gharama.

Kwa mwenye nyumba mjini, msumeno wa betri unaanza kuwa jibu: hauna mchanganyiko wa mafuta na kelele ni ndogo. Msafirishaji akumbuke kwamba betri ya volti 36 na Ah 5 ina Wh 180, na abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya akiba inayozidi Wh 160. Kwa msumeno wa petroli, tangi limwagwe na kukauka kabla ya kufungwa kwenye boksi.

Msimu wa kuagiza ukifika, swali la kwanza kwa muuzaji wa jumla lisiwe bei ya mashine. Liwe hili: pampu ya oili ya mashine hii inauzwa kiasi gani, na itafika dukani lini? Asiyeweza kujibu hilo atamwachia mnunuzi wake kazi ya kulijibu mbele ya mteja mwenye hasira.