Deni la majini liandikwe majini



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ya 282 ya Suratul-Baqara, na mada yake ni kuandika deni. Allah (SW) ameelekeza humo kwamba deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye atoe imla, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Jumhuri ya wanavyuoni wameichukulia amri hii kuwa ni ya kupendekezwa, si ya wajibu. Aya inayofuata inamtazama msafiri asiyempata mwandishi, naye ameruhusiwa kupokea rehani mkononi.

Sisi wa Mwamgongo, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, nusu ya maisha yetu ni safari ya namna hiyo. Chombo cha dagaa huondoka jua likizama na kurudi alfajiri. Katikati ya usiku huo mafuta hukopwa, taa huazimwa kutoka chombo jirani, mabeseni mawili huuzwa palepale kwa mchuuzi aliyefuata na mtumbwi wake, na kijana mmoja huomba atangulizwe fedha za mgao ambao bado uko ndani ya maji. Asubuhi kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na vichwa vyote vimekesha.

Baadhi ya mambo haya hufika mbele ya kamati ya msikiti, na kama katibu ni juu yangu kuyaandika. Mara nyingi sioni mwizi ndani yake. Naona watu wawili wakweli wanaokumbuka tofauti. Hilo hupatanishwa. Gumu ni pale mmoja wa wawili hao anapokuwa ameshafariki. Mirathi haigawanywi mpaka deni la marehemu lilipwe, nasi tunajua yalivyokuja mafundisho ya Mtume (SAW) juu ya uzito wa deni kwa maiti. Basi mjane amekaa eda, na wageni wanaanza kuingia: mumeo alikuwa na langu. Atajuaje? Na ni nadra sana kumwona anayebisha hodi aseme, mimi ndiye niliyekuwa na la mumeo.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (RA), katika Bukhari na Muslim, kwamba haifai kwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala mikesha miwili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi. Mvuvi hulala mikesha mingapi juu ya maji hayo?

Jawabu ninalopewa kila mara ni kwamba mtumbwini haiandikiki. Karatasi inalowa, mikono ina magamba, chombo kinayumba, na upepo unapeperusha. Ni kweli kwa kalamu ya wino. Wino wa kalamu ya kawaida haushiki karatasi yenye unyevu, na ule mwepesi husambaa tone likidondoka. David Livingstone, yule ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, aliishiwa karatasi mwaka huohuo huko Nyangwe, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kwa mmea. Maandishi hayo yalififia kiasi kwamba wataalamu wa zama zetu walihitaji kupiga picha za mwanga maalumu ndipo wakayasoma. Mjane wa mvuvi hana mitambo hiyo.

Penseli haina tatizo hilo. Risasi yake haiyeyuki katika maji, na huandika hata juu ya plastiki iliyokwaruzwa. Wapiga mbizi huandika hivyo wakiwa chini kabisa ya maji. Kwa hiyo chukua dumu jeupe lililopasuka, kata kipande cha ukubwa wa kiganja kilichonyooka, kisugue kwa msasa mpaka mng'ao uishe, toboa tundu pembeni. Penseli iwe fupi, nayo ifungwe kwa uzi wa nyavu kwenye tundu lilelile, maana penseli isiyofungwa huishia kwa samaki usiku wa kwanza. Kibao kifungwe kwenye ubao wa kukalia, au pajani mwa mwandishi kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mikono yote miwili inabaki na kazi yake, na pakitulia kidogo mtu huinama akaandika. Nchi kavu maandishi husuguliwa kwa sabuni na mchanga yakatoka.

Wanaoshindana kwa vidau vidogo vya tanga huko ng'ambo nao wana hila ya jinsi hiyohiyo. Huandika pande za upepo kwa penseli ya nta juu ya mwili wa chombo chenyewe, mbele ya macho yao, kwa sababu kwenye mashindano hakuna muda wa kufungua daftari. Huandika tarakimu na alama tu. Hapo tujifunze. Usiandike sentensi majini. Kila beseni ni mstari mmoja, wa tano hukatiza minne. Herufi M iwe mafuta, T iwe taa, na kila jirani awe na alama yake mliyokubaliana ufukoni. Asiyejua kusoma ana kamba: fundo moja, beseni moja. Na hao washindani, anayeshika usukani haandiki, huandika mwenzake. Nahodha wa dagaa naye asitwikwe kalamu. Mwisho wa aya ya deni limo katazo la kumdhuru mwandishi na shahidi, nami naona kumlazimisha kijana aandike wimbi likiwa limesimama kunaingia katika dhara hiyo. Asubiri.

Mabaharia wa Kiislamu walilijua tatizo hili zamani. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliyeishi karne ya 15, alitunga sehemu kubwa ya elimu yake ya bahari kwa mashairi, na mojawapo ya tungo zake ni ya njia za pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Shairi halilowi. Lakini shairi hufaa kwa nyota na bandari ambazo hazibadiliki, na deni la mafuta hubadilika kila usiku.

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu ni nzuri ikiwa kavu. Kioo chenye maji hakitii kidole, na sauti iliyorekodiwa karibu na injini ni mngurumo mtupu. Itumieni ufukoni kupiga picha ya kibao kabla hakijasuguliwa.

Ufukoni ndipo hesabu inapokamilika. Kibao kisomwe kwa sauti mbele ya mabaharia wote kabla dagaa hawajaanikwa, kisha kinakiliwe kwenye daftari, na wawili watie saini au dole gumba. Najua aya imewaondolea uzito wa kuandika wanaofanya biashara ya papo kwa papo. Lakini beseni lililouzwa usiku kwa fedha taslimu lina mwenye chombo aliyelala nyumbani, na lina mgao wa wenzake. Biashara ya papo kwa papo ni ya wawili waliopo. Wa tatu asiyekuwepo anahitaji maandishi. Daftari lilale nyumbani, si chomboni, na mke ajue lilipo. Wako wanaume wanaoona haya mke ajue madeni yao. Atayajua tu siku atakapokuwa peke yake, na siku hiyo hatakuwa na wa kumuuliza.

Jambo hili limezidi uzito tangu ziwa lilipoanza kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ziwa lipumzike. Miezi hiyo familia hula kwa mkopo wa duka, mkopo unaosubiri dagaa ambao hawajavuliwa. Deni la muda maalumu ni lipi kama si hilo?

Kuhusu wakati wa kusawazisha daftari, mbalamwezi ikijaa taa hazivuti dagaa na nyavu hulala. Siku hizo ndizo tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, Ayyamul-Bidh, ambazo kuzifunga ni sunna. Watu wako nyumbani, hawana haraka. Wenye chombo kimoja wakae baada ya Sala ya Alasiri, daftari likiwa katikati, na aliyeandika kibao awe wa kwanza kusoma.