Mkopo wa boti na rafadha inayoliwa: Nani atalipa?

PASUA na boti, wapi na wapi? Ndivyo atakavyouliza msomaji anayeijua kata hii ya Manispaa ya Moshi, ambako maji yanayozungumzwa kila siku ni yale ya mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Lakini ukielekea kusini, huendi mbali sana kabla hujakutana na Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwa kuzuia maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Perege na kambale wa bwawa hilo wamelisha Moshi kwa zaidi ya nusu karne. Na injini ya boti inapogoma, mwenye chombo hutafuta fundi mjini kama anavyofanya mwenye pampu ya umwagiliaji au mashine ya kusaga.

Jambo hili limepata uzito mpya kutokana na mwelekeo wa Serikali. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, kwa mikopo nafuu kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB). Uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa viongozi kuanzia Zanzibar hadi Kigoma. Ni hatua njema. Mvuvi aliyezoea kupiga kasia akipata boti ya injini anafika mbali zaidi na kurudi samaki wakiwa bado wabichi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halipewi nafasi kwenye hotuba. Boti ikishakabidhiwa, nani anafuatilia sehemu zile zilizo chini ya maji ambazo hakuna anayeziona? Rafadha, ambayo mafundi wengi huiita panga au propela, pamoja na shafti, usukani na vyuma vinavyovishikilia, ndiyo hugeuza mafuta kuwa mwendo. Zikichakaa, mkopo nao unachakaa pamoja nazo, ila deni halichakai.

Chuma kinachokula chuma

Watu wengi wanadhani adui wa chuma ndani ya maji ni kutu peke yake. Kuna adui mwingine asiye na kelele. Metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji, huwa kama betri. Umeme mdogo hupita kati yao, na metali iliyo dhaifu huliwa ili kuihifadhi iliyo imara. Rafadha ya bronzi kwenye shafti ya chuma, au rafadha ya chuma kisichopata kutu kwenye injini yenye mguu wa aluminiamu, ni ndoa za namna hiyo. Maji ya chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu hupitisha umeme vizuri, lakini maji ya bwawa na ziwa nayo hayana msamaha.

Pili kuna uchafu. Rafadha iliyoota ukoga, au iliyoshikwa na viumbe wa baharini wenye magamba magumu, hupoteza ule ulaini unaoifanya ikate maji. Injini hulazimika kunguruma zaidi kwa mwendo uleule.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme boti inatumia lita 15 za petroli kwa safari na inatoka mara 20 kwa mwezi. Hizo ni lita 300. Ikiwa rafadha chafu inaongeza matumizi kwa asilimia 10 tu, mvuvi anachoma lita 30 za bure kila mwezi. Kwa bei ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh90,000 kwa mwezi, yaani Sh1,080,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ingeweza kulipa sehemu ya deni la benki, au ada ya mtoto.

Kazi ni maandalizi

Fundi mzuri wa rangi atakuambia kwamba kupaka ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kazi kubwa ni kuandaa. Boti hupandishwa nchi kavu, kwenye chelezo au juu ya magogo. Rafadha hufunguliwa, na nyuzi za nyavu zilizojizungusha nyuma yake huondolewa, kwani nyuzi hizo hukata sili na kuingiza maji kwenye gia. Kisha metali husuguliwa kwa msasa mkali au brashi ya waya hadi rangi ya zamani na kutu viishe na uso ubaki mkwaruzo ambao rangi mpya itaushika. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kutumia grainda bila uangalifu. Ukilila bawa moja zaidi ya jingine, rafadha inapoteza mizani, na mtetemo wake utamaliza beringi za shafti.

Baada ya kusugua, metali hufutwa kwa tina na kitambaa safi mpaka mafuta yote yaishe, na tangu hapo haishikwi kwa mkono mtupu. Praima inayofaa metali hiyo hupakwa siku hiyohiyo, kabla hewa haijaanza kuharibu uso uliosafishwa. Matabaka yawe membamba na sawasawa, na kila moja lipewe muda wake wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. Mwenye haraka ya kurudi majini jioni ileile atarudi kwa fundi mwezi unaofuata.

Kuna sehemu ambazo hazipakwi kabisa. Mojawapo ni kipande cha zinki kinachofungwa karibu na rafadha. Kazi yake ni kujitoa mhanga, kuliwa badala ya rafadha na shafti. Ukikipaka rangi umekifunga mikono. Kinapofikia nusu ya ukubwa wake kibadilishwe. Kwa maji yasiyo na chumvi kama ya Nyumba ya Mungu au Ziwa Victoria, magnesi hufanya kazi vizuri kuliko zinki, ambayo huko hufunikwa na utando na kulala. Mvuvi anayenunua kipande kilekile kinachouzwa Tanga anaweza kuwa amenunua pambo.

Rangi gani, maji gani?

Rangi nazo zina mwenyewe na mahali pake. Rangi nyingi za kuzuia viumbe wa baharini zina shaba ndani yake. Rangi hiyo ikipakwa juu ya aluminiamu, inaanzisha ile ndoa mbaya tuliyoieleza, na mguu wa injini hutobolewa na dawa iliyokusudiwa kuulinda. Kwa aluminiamu itafutwe rangi isiyo na shaba.

Zaidi ya hapo, mvuvi wa bwawani hana sababu kubwa ya kuigharamia rangi ya baharini. Viumbe wenye magamba wanaong'ang'ania vyombo vya Pangani na Bagamoyo hawaishi Nyumba ya Mungu. Huku tatizo ni ukoga, ambao hung'olewa kwa kusugua, na ulaji wa metali, ambao huzuiwa kwa praima nzuri, rangi ngumu ya juu na kipande cha magnesi. Rafadha ya bronzi kwenye maji baridi inaweza hata kung'arishwa na kuachwa bila rangi, kwa kuwa mabawa yanapokata maji kwa kasi hubandua rangi ya kawaida mapema.

Tusisahau kwamba rangi hizi ni sumu kwa makusudi. Miaka ya 1970 rangi zenye kemikali ya bati iitwayo TBT ziliharibu chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, na mwaka 1982 nchi hiyo ikazipiga marufuku kwa boti ndogo. Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha mkataba wa kuzikataza mwaka 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008. Kwa hiyo mwenye kopo la zamani lisilojulikana lilikotoka asilifungue. Vumbi la kusugua likusanywe na fundi avae kizuia vumbi, kwani maji ya bwawa hunywesha mifugo na hushuka Mto Pangani hadi kwa wengine.

Wazee wa pwani walilijua somo hili kabla ya makopo kufika. Walipandisha jahazi ufukweni, wakalisafisha, wakapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa sehemu ya chini. Na historia ya MV Liemba inasema hivyohivyo. Wajerumani walipoizamisha Ziwa Tanganyika mwaka 1916, walizipaka injini girisi nyingi kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi chini ya maji ilishindwa na maandalizi.

Nafasi ya Pasua

Hapa ndipo fundi wa Pasua anapoingia. Anayefungua pampu ya umwagiliaji anakutana na ugonjwa uleule, maana kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu ni ndugu wa rafadha. Msasa, tina, praima na compresa ya kupulizia rangi anavyo tayari. Anachokosa ni maarifa ya metali na maji. Chuo cha VETA Moshi kikiandaa kozi fupi kwa kushirikiana na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), pengo hilo lingezibwa kwa gharama ndogo. Wanaotoa mikopo nao wangeweza kuweka sharti moja: boti ipandishwe na kukaguliwa chini angalau mara moja kwa mwaka, na gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza kama inavyohesabiwa bei ya injini.

Wapo watakaosema mvuvi mdogo hana fedha za mambo haya. Lakini hesabu yetu ya mfano inaonyesha kwamba tayari anazitoa, ila anazimwaga majini kidogo kidogo bila risiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa boti uko mahali ambapo mwenyewe haoni mpaka akipandishe chombo chake. Akipandishe basi, kabla benki haijaja kukipandisha kwa niaba yake.